Jina la Tano

Usiku ule kijiji cha Lalasar hakikulala. Kila nyumba iliyokuwa na kijana aliyefanya mtihani wa polisi ilikaa macho, taa zimewaka, simu zimechomekwa kwenye chaji. Orodha ya waliochaguliwa ilisemwa itatoka saa mbili, kisha saa nne, kisha ikasemwa mtandao umezidiwa, watu wavute subira.

Gindori alikuwa amejilaza uani juu ya kitanda cha kamba, ushungi ameuvuta mpaka kidevuni, ingawa hapakuwa na mtu wa kumficha uso. Masikio yake yote yalikuwa upande wa pili wa ukuta. Huko ndiko kwa Banwari, kaka mkubwa wa mumewe. Zamani ua ulikuwa mmoja. Ukuta ulijengwa baada ya ugomvi, mrefu wa kutosha kuzuia nyati wa maziwa asivuke, lakini sauti zilivuka zitakavyo.

"Hebu bonyeza tena," alisema Manbhari, mke wa Banwari.

"Mama, nikibonyeza tena simu itapasuka," akajibu Nirma, binti yake.

"Ipasuke! Ukishavaa sare utaninunulia nyingine."

Wakacheka. Mahaveer, mume wa Gindori, akajigeuza kitandani kwake. "Lala, mama Kiran. Mtoto si wako."

"Nimelala."

"Umelala, na macho yanawaka kama ya paka."

Gindori alikuwa anaomba. Lilikuwa ombi ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya picha za miungu zilizobandikwa juu ya pipa la unga. Alikuwa anaomba jina la Nirma lisiwemo. Hakuwa na chuki na binti yule. Alikuwa akimpenda. Ila Nirma akishindwa, hakuna atakayekuja kuuliza habari za nyuma, na kile alichokifanya Gindori miaka sita iliyopita kingebaki mahali kilipolala.

Saa saba kasorobo, upande wa pili ukalipuka. Manbhari alichukua sinia la shaba akalipiga kwa mwiko, lile sinia ambalo Lalasar hulipiga akizaliwa mtoto wa kiume. Alilipiga kwa ajili ya binti, akalipiga mpaka mbwa wa kijiji kizima wakabweka. "Askari! Nimezaa askari!"

Gindori akageukia ukutani.

*

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji machafu. Nyati wa Banwari alikuwa na hori lake karibu na mpaka, na maji ya hori yakawa yanatiririkia upande wa Mahaveer, mbele ya jiko la Gindori. Ndugu wawili wakaambiana maneno mchana kutwa. Jioni Sandip, mtoto mkubwa wa Banwari, akarusha nusu tofali. Pengine alikusudia kutisha tu. Lilimpata Mahaveer juu ya sikio, akashonwa nyuzi nane.

Kutoka hospitali Gindori alikwenda moja kwa moja kwa Sohanlal, mwandishi wa hati anayekaa chini ya bati nje ya mahakama na mashine yake ya kupiga chapa. Damu ya mumewe ilikuwa bado mbichi kwenye ushungi.

"Nani alipiga?" Sohanlal aliuliza.

"Sandip."

"Na wengine?"

"Wengine walikuwa wanapiga kelele."

Sohanlal akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mama, kelele haina kifungu cha sheria. Nyumba ile ina watu wangapi?"

"Watano."

"Basi ndio hao. Ukimwacha mmoja nje, huyo mmoja ndiye atakayewatafutia wadhamini, awapikie, awakamulie nyati. Waandike wote wakione cha mtema kuni."

Wala hakumwambia jambo geni. Lalasar hakuna kesi iliyowahi kuwa na mshitakiwa mmoja. Watu wakigombana, huandikwa nyumba nzima, mpaka bibi kizee asiyeinuka kitandani huandikwa kwamba alishika gongo. Gindori akataja: Banwari, Manbhari, Sandip, mdogo wake Sandip. Mashine ikalia kwa kila jina.

"Hao ni wanne."

"Yuko binti. Nirma."

"Alishika nini?"

Gindori akautazama ushungi wake. Damu ilikuwa imeanza kukauka na kukakamaa. "Fimbo," akasema.

"Ya chuma?"

"Ya chuma."

Siku ile Nirma hakuwapo kijijini kabisa. Alikuwa mjini Sikar, amepanga chumba kimoja na Kiran, binti wa Gindori mwenyewe, wote wawili wakisomea mitihani ya kazi za serikali. Siku ile ile, saa tatu asubuhi, Kiran alipiga simu nyumbani, na Nirma akaichukua mkononi mwake akasema, "Shikamoo mama mdogo." Gindori akamwambia, "Marahaba mwanangu. Kula vizuri, usikonde." Jioni akamwandika.

Kesi ilikwenda miaka minne. Nirma alikuwa akitoka Sikar kila tarehe ilipotajwa, anasimama kizimbani pamoja na kaka zake, ameshika daftari. Nyumba mbili zilizokuja kumposa zilirudi zilikotoka. Mwishoni wazee wa ukoo wakawakalisha ndugu wawili kitako, wakawapatanisha. Mahaveer akasema mahakamani kwamba kulikuwa na giza na hakuona nani alimpiga, Gindori akasema vivyo hivyo, na wote watano wakaachiwa. Watu wakala ladu, vile vitamu vya sherehe. Kila mtu alidhani jambo limekwisha.

*

Wiki moja baada ya orodha kutoka zililetwa fomu. Ndani yake mlikuwa na swali: umewahi kushitakiwa? Kijijini wakamshauri Nirma aandike hapana, kwani ameshaachiwa, na jalada lenyewe limeliwa na mchwa. Nirma akaandika ndiyo, akaeleza yote. Mwalimu wao wa Sikar alikuwa amewakanya tangu zamani: anayeficha hufukuzwa hata akiwa ameshatumikia miaka kumi, na hufukuzwa kama mwongo.

Ikaja barua. Aende mbele ya kamati ya polisi ya wilaya, maana hukumu haikusema kwamba hakutenda. Ilisema tu kwamba pande mbili zimepatana, mashahidi wamerudi nyuma, na washitakiwa wanaachiwa kwa faida ya shaka. Shaka hiyo ndiyo kamati ilitaka kuiangalia.

Nirma alimfuata Gindori shuleni. Gindori alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya serikali, yeye na mwenzake Sugni, na siku ile walikuwa na sufuria kubwa ya wali na choroko.

"Lo, Gindori," Sugni akaita, "askari amekuja kukukamata! Umeiba chumvi ya serikali nini?"

Nirma akatabasamu kidogo. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba kwa kukimbia kila alfajiri, nywele amezibana kwa nyuma. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Angalia usikanyage hapo, pana maji."

"Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuomba neno moja tu. Useme sikuwepo. Sitakuuliza hata kwa nini uliniandika."

Gindori akakoroga. Mvuke ulimpiga usoni, akaushukuru. "Wali utashika chini, mwanangu."

"Mama mdogo."

"Nitaongea na baba yako mdogo."

Nirma akasimama kidogo, kama anayengoja chenji dukani. Kisha akaondoka. Sugni akamtazama mwenzake, akatazama sufuria. "Umeshaunguza," akasema.

Jioni, Mahaveer hakutaka kusikia habari hiyo. "Ukisema uliwadanganya polisi, kesi inakugeukia wewe. Na hiyo sufuria yako ni kazi ya serikali vilevile. Wataanza na wewe."

"Mtoto hakuwepo, baba Kiran."

"Na kichwa changu kilijipasua chenyewe?" Akajishika kovu juu ya sikio. Halafu akasema, kwa upole zaidi, "Tutawapa hati ya msamaha. Umsamehe kwa maandishi, useme huna kinyongo naye. Kazi yake inapona, na jina letu linapona."

Gindori alifarijika mno. Baadaye, kila alipokumbuka jinsi alivyofarijika, uso ulimchoma.

Akarudi kwa Sohanlal, chini ya bati lilelile. Sohanlal akapiga chapa karatasi nzuri yenye muhuri: kwamba yeye Gindori, mke wa Mahaveer, amemsamehe Nirma binti Banwari kwa moyo mweupe, hana dai lolote juu yake, na kwamba tangu siku ile binti huyo ameonyesha tabia njema. Gindori alisoma mpaka darasa la nne. Aliisoma karatasi kwa kidole, neno kwa neno, akaona ni maneno ya heshima. Akatia sahihi.

Aliipeleka mwenyewe. Nirma aliisoma, akaanza kusema, "Lakini mama mdogo, hapa panasema..." Manbhari akamkatiza.

"Sema asante! Mtu ameacha kazi zake kwa ajili yako, unamkosoa kama mwalimu?" Akamvuta Gindori akamkalisha kitandani, akampikia chai ya maziwa mazito. Miaka sita Gindori hakuwa amekunywa chai katika nyumba ile. Manbhari akamkazia aongeze, akamtania kwamba amezeeka vibaya, wakacheka kama zamani walipokuwa maharusi wawili wa ua mmoja.

Banwari akakohoa nje kabla ya kuingia, kama anavyopaswa mkubwa wa mume. Gindori akashusha ushungi mpaka kifuani, akageukia ukutani. Miaka ishirini na minane tangu aolewe, Banwari hakuwa ameuona uso wake wala kuambiwa naye neno la moja kwa moja. Akitaka kumwambia kitu, Gindori humwambia mtoto aliye karibu, na pasipo na mtoto humwambia nyati.

Banwari naye akasema na nyati. "Mke wa Mahaveer amefanya jambo la maana," akamwambia.

Gindori akakiweka kikombe chini. Hati ilikuwa ya msamaha, na aliyekosa alikuwa yeye.

*

Kamati iliisoma hati ile siku ya Jumanne. Jioni Banwari alirudi kutoka mjini akasimulia uani, kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia. Afisa mwenye miwani aliichukua karatasi, akauliza, "Amemsamehe nini?" Akajijibu mwenyewe. Mtu husamehewa alichotenda. Ikiwa mpaka leo mlalamikaji anaandika kwamba anamsamehe binti huyu, basi mpaka leo anasema binti huyu alipiga. Nirma akapewa siku kumi na tano za kujieleza, la sivyo jina lake lifutwe.

Manbhari akapanda juu ya hori, kichwa kikatokeza juu ya ukuta.

"Gindori! We Gindori! Nirudishie chai yangu!"

Gindori alikuwa anakanda unga wa uwele. Hakuinua macho.

"Maziwa ya nyati wangu uliyoyanywa, yateme hapohapo! Umemsamehe mwanangu! Umemsamehe kwa lipi? Kwa kukusalimia kwenye simu? Njoo basi unisamehe na mimi, na nyati umsamehe, na kuku!"

Mahaveer akatoka chumbani na fimbo. "Shemeji, shuka hapo."

"Nishushe! Halafu mniandike tena, safari hii muandike na huyu mbwa!"

Majirani walikuwa wamejaa juu ya mapaa. Wengine walicheka. Gindori aliendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu kama udongo, na hakumwona hata mmoja wao, lakini aliwahesabu kwa vicheko.

Kiran alipiga simu kutoka kwa mumewe, mjini Churu. Hakuanza na maamkizi.

"Mama, ile siku nilikupigia saa ngapi?"

"Siku gani?"

"Unaijua."

"Saa tatu."

"Nirma alikusalimu?"

"Alinisalimu."

Kisha Kiran akasema taratibu, "Nilikwenda ile ofisi jana. Mume wangu alinipeleka. Nikawaambia Nirma alikuwa na mimi chumba kimoja siku ile. Wakaniambia neno la ndugu halina uzito. Neno la aliyeandika ndilo lenye uzito."

"Ulikwenda kusema mama yako mwongo?"

"Nilikwenda kusema Nirma alikuwa Sikar," Kiran akasema. "Hilo lingine walilijua wenyewe." Akaanza kulia, na Gindori akasikia mkwe wake akimwita mkewe kwa nyuma, kisha simu ikakatika.

Alikaa siku tano na jambo lile. Alipika shuleni, akazidisha chumvi mara mbili. Siku ya sita, Mahaveer akila, alimwambia, "Kesho nakwenda mjini."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Mahaveer akasukuma sahani. Alitazama mikono yake muda mrefu. Yeye pia aliapa mahakamani, na alikuwa na umri wa kujua. "Ukirudi," akasema, "usinisimulie."

*

Banwari na Nirma walikuwa wamefika kabla yake, wamekaa kwenye benchi la ukumbini. Gindori akakaa mwisho wa benchi, ushungi umefunika mpaka kifua. Hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Walipoitwa, akasimama akawafuata ndani.

Mezani walikaa watu watatu. Afisa mwenye miwani akachukua kitambulisho cha Gindori. "Mama, ondoa hicho kitambaa, nilinganishe na picha."

Gindori hakusogea.

Nirma akasema, "Afande, baba yangu yuko hapa. Mama mdogo hawezi kufunua uso mbele yake."

"Basi baba atoke."

Banwari akaanza kuinuka.

"Asitoke," Gindori akasema.

Hakumwambia mtoto wala nyati. Sauti ilitoka jinsi ilivyo, ya kukwaruza, ya mwanamke aliyevuta moshi wa kuni miaka mingi, na ilimshtua mwenyewe. "Asitoke. Yeye ndiye nimemkosea." Akashika upindo wa ushungi kwa vidole viwili, akauinua, akauweka nyuma ya kichwa.

Banwari akainamisha uso haraka, akatazama viatu vyake. Sasa yeye ndiye aliyeficha uso. Gindori alihisi hewa ya feni kwenye mashavu na kwenye meno, ikawa kama amevuliwa nguo sokoni.

"Sema."

"Nirma hakuwepo. Alikuwa Sikar na binti yangu. Nilijua. Asubuhi ile nilizungumza naye kwenye simu."

"Na fimbo ya chuma?"

"Hakuna fimbo ya chuma. Kulikuwa na tofali, na lilirushwa na mwingine."

"Kwa nini ulimtaja?"

"Waliniuliza nyumba ina watu wangapi."

Kalamu ya afisa ikasimama. Mwanamke aliyekaa kando yake, naye afisa, akavuta pumzi kwa pua.

"Mwandishi wa hati ndiye alinisukuma," Gindori akaongeza, na palepale akajisikia jinsi alivyo mdogo.

"Alikushika mkono ukatia sahihi?"

"Hapana, afande. Nilitia mwenyewe."

"Na hii ya msamaha?"

"Hiyo pia mwenyewe. Niliona aibu kusema nilidanganya, nikasema nimesamehe."

"Unaelewa kwamba kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa?"

"Naelewa."

"Una kazi?"

"Napika shuleni."

"Ya serikali?"

"Sufuria ni ya serikali, afande."

Karani wa pembeni akabana kicheko. Afisa hakucheka. Aliandika muda mrefu, akamsomea, akamwonyesha pa kutia sahihi. Gindori alikuwa amedhani kwamba akishasema atajisikia mwepesi, kwa kuwa watu husema hivyo. Alitia sahihi, na uzito ulikuwa palepale. Tofauti ni kwamba sasa watu sita walikuwa wakiutazama.

Ukumbini Banwari alitembea mbele bila kugeuka. Alipofika mlango mkubwa akasimama, akamwambia binti yake, "Mwambie mama yako mdogo ajifunike. Jua kali."

Gindori akagundua kwamba alikuwa ametembea ukumbi mzima uso wazi.

*

Kamati ikaridhika. Jina la Nirma likarudishwa, na mwezi uliofuata akaletewa barua ya kwenda mafunzoni. Habari hizo Gindori alizipata juu ya ukuta, kama kawaida, ila safari hii hakuna aliyepiga sinia. Walikuwa wamechoka kufurahi.

Barua nyingine ilifika shuleni. Mwalimu mkuu alimwita Gindori kando ya stoo, akamwambia akae nyumbani kwanza mpaka suala lake lijibiwe. Alisema kwa adabu, akitazama ndoo. Ilibidi mpishi wa shule awe mtu mwenye tabia isiyo na doa, alisema, ndivyo mwongozo unavyotaka. "Naelewa, mwalimu," Gindori akasema. Sugni alikuja jioni kumletea vyombo vyake, mwiko na kitambaa cha kushikia sufuria, akaviacha kibarazani asiingie.

Bombani, Gindori akifika, mazungumzo yalikatika. Siku moja mke mgeni wa upande wa mashariki, asiyemfahamu, alimwuliza Gindori habari za asubuhi, akataka kumwambia jina lake. Mwanamke mwingine akadakia: "Shii! Usimpe jina lako huyo, atakuandika." Wakacheka wote, na mgeni akacheka bila kujua kisa. Gindori akajaza mtungi wake mpaka juu. Alihakikisha umejaa, asije akalazimika kurudi tena siku ile.

Mahaveer hakumwuliza lolote. Alikula, akalala. Usiku mmoja tu, Gindori akidhani amelala, alisema gizani, "Banwari amenisalimu leo shambani." Basi.

Siku ya Nirma kuondoka, Gindori aliamka mapema akatoa mtindi mzuri aliougandisha usiku, akaukoroga na sukari guru. Ndivyo wanavyofanya: anayekwenda safari ya maana hulishwa kijiko cha mtindi mtamu na wanawake wa ukoo, mama kwanza, kisha mama wadogo, kisha wengine. Gindori alikuwa mama mdogo pekee. Alimimina kwenye bakuli la chuma, akalifunika kwa upindo wa ushungi, akazunguka ukuta mpaka mlango wa mbele wa Banwari. Alisimama kidogo akisikiliza. Ndani kulikuwa na pilika za begi na za watu wanaotafuta kitu.

Akabisha.

"Nani?" Manbhari akauliza.

"Mimi, dada. Nimeleta mtindi wa Nirma."

Pilika zikakoma. Bangili za Manbhari zikalia karibu, nyuma tu ya ubao.

"Ameshakula. Nimemlisha mimi."

"Kijiko kimoja tu, dada. Cha safari."

Ndani zaidi, sauti ya Nirma ikasema, "Mama, mfungulie," na Manbhari akasema, "Wewe funga begi lako." Komeo likaguswa. Gindori akaliona likitikisika kwenye upenyo wa mbao, kana kwamba mtu ameliwekea kidole na hajaamua. Akaufunua mtindi, akaandaa kijiko.

Jipi ya kumchukua Nirma ikapiga honi upande wa nyuma, penye njia ya magari. Mtu akaita kwamba basi la mjini halingoji. Bangili zikasogea mbali, miguu ikakimbia, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Gindori akasikia Manbhari akilia na kucheka kwa pamoja, na Banwari akisema, "Haya, haya, inatosha," na jipi ikiondoka kwenye mchanga.

Hakuzunguka nyuma. Angeweza kukimbia akaiwahi kwenye kona, lakini hakualikwa njia ile. Alibaki pale na bakuli mkononi, ushungi umeshushwa, ili akija mtu amkute vizuri. Ndani waliosalia walirudi, wakapita, wakasogeza vitanda. Jua likafika miguuni pake. Komeo halikuguswa tena.